Fungu la Leah Nanjala

“Andika jina lako hapo, yaishe,” Tonny alisema, akaisukuma kompyuta mbele ya Mercyline hadi ikagusana na vikombe vya chai.

Mercyline hakuandika. Alikitazama kisanduku kilichoandikwa Mtunzi, na kijistari kilichokuwa kikiwaka na kuzima ndani yake. Nje ya mkahawa, ukungu wa Januari ulikuwa umemeza majengo ya Al Nahda, Dubai, kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu, na watu walikuwa wakitokeza ndani yake mmoja mmoja, wakiwa karibu kabisa, kisha wakitoweka tena. Asubuhi ilikuwa imeshapevuka lakini magari yalikuwa bado yanawasha taa.

“Nikiandika mimi peke yangu nitakuwa nimesema uongo,” alisema.

“Uongo gani sasa, siz? Wimbo si wako?”

“Nilipewa, Tonny. Si ulikuwepo siku ile nilitoa ushuhuda?”

Tonny alikuwepo. Mchana alikuwa mhudumu wa meza hotelini na Jumapili jioni alikuwa mpiga kinanda wa kwaya yao, kwa hiyo kila aliyesimama kanisani akasema “wimbo huu sikuutunga, nimepewa,” alimsikia yeye kwanza. Wote husema hivyo. Huko alikotoka Mercyline, mwanakwaya akisimama akatamba kwamba ameketi akatunga, watu watakohoa na kutazamana. Wimbo hupokewa. Tonny alilielewa hilo vizuri, ila hakuwahi kumwona mtu akilibeba hadi kwenye fomu.

“Sikia, nikueleze pole pole,” alisema. “Kuna pesa ya sauti na kuna pesa ya utunzi. Ya sauti, wale tuliowapa wimbo wausambaze wanatuletea wenyewe. Ya utunzi haipiti kwao. Kila mtu akiucheza kwenye simu yake, inahesabiwa kama nakala imetolewa, na kila nakala ina haki ya aliyetunga. Haki hiyo inakaa kwa hawa watu wa ng’ambo, inangoja mtu ajitokeze aseme: mtunzi ni mimi. Usipojitokeza, siku moja wanagawiwa wengine. Khalas.”

Na wimbo ulikuwa unachezwa. Waliurekodi stoo ya kanisa, katikati ya viti vya plastiki vilivyopangwa hadi dari, wakidhani watausikiliza wao na ndugu zao. Lakini wanawake wanaofanya kazi majumbani, Doha, Riyadh, Muscat, waliudaka wakaanza kuuweka chini ya video zao fupi: mmoja anapiga pasi, mwingine anamlisha mtoto wa watu, mwingine amekaa tu anatazama dirisha.

*Kaa nami hadi maji yachemke,*
*usinigeuzie uso ukutani;*
*buli li tupu, mlango u wazi,*
*nani kaingia nyumbani?*

Kwaya ilimuuliza buli ni nini, na Mercyline hakujua. Kwao birika ni birika. Aliimba lile neno kwa sababu ndivyo alivyolipokea.

“Sawa,” alisema mwishowe. “Tuwe wawili. Nusu kwa nusu.”

“Wewe na nani?”

“Leah Nanjala.”

Tonny aliandika, akauliza huyo Leah ni wa kwaya gani. Mercyline akamwambia kweli, na hiyo kweli hakuwa ameisema kanisani. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, adhuhuri, amelala kitandani kwake nyuma ya leso aliyoitundika kama pazia, chumba kizima kimekwenda kazini. Akahisi godoro linabonyea upande wa miguu. Mtu alikuwa ameketi. Hakumwona uso; alisikia sauti ya mwanamke ikiuimba wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayehofia kukatizwa. Kisha ikataja jina, Leah Nanjala, ikalitaja tena, ikanyamaza. Mercyline alipofumbua macho kinywa chake kilikuwa wazi, na shuka ya upande ule ilikuwa na joto.

“Sasa umeniandikisha ndoto,” Tonny alisema. Alitaka kucheka, kicheko kikamgomea. “Mercy, mtu wa ndoto hana akaunti ya benki.”

“Aliyenipa alinitajia jina lake. Nilifute?”

Tonny akabonyeza. Alikuwa mtu wa kujua mambo mengi na kubishana juu ya yote, lakini siku hiyo alikunywa chai yake na kuagiza nyingine.

Tusimfanye Mercyline malaika. Lile fungu la Leah lilimuuma tangu siku ile ile. Sare aliyovaa ilikuwa ya kampuni ya ulinzi, kitanda alicholalia kilikuwa cha mtu aliyemkodisha, na mlango aliokaa akiufungua siku nzima ulikuwa wa kliniki ya mazoezi ya viungo, ambako wagonjwa huja kwa viti vya magurudumu na kumpita bila kumtazama. Wimbo ndio uliokuwa kitu chake cha kwanza katika nchi hii. Akiwa zamu alijikuta akiombea kwamba Leah Nanjala asiwepo popote duniani, kisha akaona haya, akamwomba Mungu msamaha.

Na kliniki yenyewe ilianza kumchezea. Asubuhi za ukungu mlango wa kioo, ambao aliufungua kwa kubonyeza kitufe, ulikuwa ukifunguka wenyewe, unatelezea kando, unangoja, na nje hakuna mtu. Mpokezi alisema kifaa kimeharibika na fundi angekuja, inshallah. Fundi alikuja, akaona hakina kasoro. Kesho yake mlango ukafunguka tena, ukakaa wazi kwa muda wa mtu kupita polepole, na Mercyline akajikuta amesogea kando kumpisha. Hewa iliyoingia ilikuwa na harufu ya udi.

Ukungu ulikuwa umekwisha na joto limeanza kunyemelea barua ilipokuja. Tonny aliisoma kwanza, akampigia simu badala ya kumwandikia.

“Umekaa?”

“Niko mlangoni, nawezaje kukaa? Sema.”

“Wamejibu wale wa utunzi. Malipo yote yamesimamishwa. Kuna mgogoro wa mafungu. Leah Nanjala ameandika. Anakataa nusu yake.”

Mgonjwa mmoja alikuwa anatoka na ilibidi Mercyline amfungulie, akamfungulia, akamtakia siku njema kwa Kiingereza.

“Mercy? Anasema yeye si mtunzi na hakujui. Ameacha namba. Ya hapa hapa Dubai.”

Hofu ilikuja kwanza. Nyuma ya hofu, kwa mlango wa uani, ikaja furaha, kwa sababu aliyekataa nusu amemwachia mwenzake mia. Mercyline alizihisi zote mbili na hakujua aanze na ipi.

Hakuwahi kuipiga ile namba. Jioni hiyo ilimpigia yenyewe, kwa kuwa Tonny alikuwa ameshaitumia namba yake.

“Wewe ndiye Mercyline?” Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, kavu, yenye lafudhi ya Bungoma. “Mimi ndiye Leah Nanjala. Dada, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea.”

“Mbona basi umenitia kwa mambo yako? Binamu yangu ananipigia kutoka Webuye, ati jina langu liko chini ya wimbo, ati nimekuwa staa nimewaficha. Mimi hata kwaya sijawahi kuimba. Niko hapa Rashidiya nachunga mgonjwa wa watu. Madam akiona jina langu liko kwa pesa za nje, atasema nina kazi ingine. Viza yangu iko na bwana yake. Unataka nirudishwe nyumbani?”

“Sikujua kama uko,” Mercyline alisema, na ilikuwa kweli tupu.

“Basi hilo jina ulilitoa wapi?”

Mercyline alimweleza. Alitegemea matusi, lakini upande wa pili palikuwa na pumzi tu, na nyuma ya pumzi ndege ikipita chini chini.

“Mimi sijawahi kukuimbia,” Leah alisema mwishowe, kwa upole kidogo. “Wala sijakuota. Njoo siku yako ya mapumziko, madam huwa kazini. Tusaini huo wimbo uwe wako, tuachane kwa amani.”

Alikwenda kwa metro hadi kituo cha Rashidiya, akatembea kati ya nyumba zenye kuta fupi, jua la alasiri likimchoma utosini. Ndege zilikuwa zikishuka juu ya paa moja baada ya nyingine na kila moja ilipopita vioo vya madirisha vilitetema. Mwanamke aliyemfungulia geti alikuwa mfupi, mnene wa wastani, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na uso wa mtu asiyelala vizuri. Mercyline alimtazama kwa makini akitafuta kitu cha ile adhuhuri, mabega, namna ya kukaa, chochote. Hakukuta. Huyu alikuwa Leah tu, mtu wa kawaida, mwenye sabuni mkononi.

“Karibu. Vua viatu hapo. Unaonekana mtoto mdogo,” Leah alisema. “Nilidhani utakuwa mchawi.”

“Mimi nilidhani utakuwa maiti.”

Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe, wakaingia jikoni. Nyumba ilikuwa na harufu ya udi. Leah alimweleza kwa kifupi: familia ni ya Kizanzibari, imekaa hapa tangu zamani, madam Ashwaq ndiye mwenye nyumba, mgonjwa ni mama yake, Bi Nunu. Kiharusi kilimpiga, kikamchukua upande mmoja na sauti yote. Zamani alikuwa mtu wa maneno na nyimbo, wanasema, arusini hakuna aliyemweza. Sasa hata akiumwa halii. Yeye Leah ndiye anayemwogesha, anamlisha, anamgeuza.

“Madam ni mzuri, sina ubaya naye. Lakini kutwa ni mimi na Bibi na hizo ndege.” Alitoa simu mfukoni mwa dera. “Haya, nionyeshe nibonyeze wapi.”

Mercyline alimwelekeza jinsi Tonny alivyomfundisha. Futa fungu la Leah. Fungu la Mercyline liwe mia. Halafu palikuwa na sentensi ya kukubali: ninathibitisha kwamba kazi hii ni yangu na hakuna mtunzi mwingine. Leah angekubali upande wake, kisha Mercyline angekubali upande wake, na malipo yangefunguliwa.

“Ni wako, dada,” Leah alisema akiandika kwa kidole kimoja. “Mungu akupe na mwingine. Hiyo ndoto pengine ulisikia jina langu mahali likakukaa kichwani. Si hutokea?”

“Hutokea.”

“Eeh. Sasa nenda ukae na Bibi kidogo, ni huo mlango wa pili, niweke maji ya chai. Akiwa peke yake macho humtoka. Na chai hanywi mpaka itoke kwa buli lake, ukimletea kwa kikombe cha kawaida anafunga mdomo.”

Mercyline alilisikia lile neno. Alisimama nalo kwenye ujia, mkono ukutani, kisha akajiambia kwamba buli ni neno la watu na watu wanalo. Akaingia.

Chumba kilikuwa safi, pazia limevutwa nusu. Bi Nunu alikuwa ameegemezwa mito, mwembamba, ushungi wa rangi ya maziwa, mkono mmoja umelala juu ya blanketi kwa namna ya kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Macho yake yalikuwa mlangoni kabla Mercyline hajafika. Yalimtazama, yakapita bega lake, yakabaki pale nyuma yake.

“Shikamoo, Bibi.”

Mercyline aliketi upande wa miguu kwa kuwa kiti hakikuwepo, na godoro likabonyea. Mkono mzima wa yule mama ukasogea juu ya blanketi, polepole, ukamkamata kifundo cha mkono pale penye saa. Ulikuwa na nguvu kuliko ulivyoonekana. Na kifundo kiliukumbuka. Mwaka jana, mlangoni pa kliniki, mhudumu aliyevaa barakoa alimwachia kiti cha magurudumu akikimbilia gari lililokuwa limezuia njia, akisema dada nishikie dakika moja. Aliyekuwa kitini alimkamata hivi hivi, akamkodolea macho, kinywa kikifunguka na kufumba. Mercyline alimwambia usijali mama, anakuja. Gari likaja, wakaondoka, na yeye akasahau.

Kumbe ndiye. Jambo lenyewe si kubwa, alijiambia. Wagonjwa wa kliniki wana nyumba zao. Jikoni maji yalikuwa yanamiminwa, Leah alikuwa anaongea na simu yake, akisoma herufi kwa sauti. Wimbo ulikuwa umekaribia kuwa wake. Furaha ikampanda sasa bila ya haya, mia kwa mia, jina moja, na kama anavyofanya mtu mwenye furaha, akaanza kuuimba chini ya pumzi bila kujua anaimba.

Alifika mstari wa pili ndipo akaona midomo ya Bi Nunu.

Ilikuwa inatembea. Upande mmoja tu, ule uliosalia, lakini inatembea barabara, ikiumba maneno. Mercyline alidhani anamfuatisha, akatabasamu, akaendelea. Kisha tabasamu likamtoka usoni. Midomo haikumfuatisha. Ilikuwa mbele yake. Alipoimba *buli*, yenyewe ilikuwa imeshafika *mlango*. Alipofika mlangoni, yenyewe ilikuwa imeshauliza *nani*. Akanyamaza ghafla, ili aone kama itasimama.

Haikusimama. Chumba kilikuwa kimya na yule mama aliendelea kuimba bila sauti, jicho lake likiwa mlangoni, hadi mwisho wa ubeti. Hapo midomo ikafanya kitu ambacho Mercyline alikijua kabla hakijaisha. Ulimi ukapanda nyuma ya meno, kinywa kikafunguka. Leah. Leah Nanjala. Mara nyingine tena. Kisha midomo ikatulia, macho yakangoja mlango, kama mtu angojavyo aitikiwe.

Hakuwa akijitambulisha. Alikuwa anaita.

Mercyline alielewa yote kwa pamoja. Kila siku Leah alipotoka kwenda kuweka maji, huyu mama alibaki hapa na kile alichokiona mlangoni, akaita kwa kinywa kisichotoa kitu, na katika kuita akatengeneza wimbo, kwa kuwa ndivyo alivyojua kuita. Hakupata masikio humu ndani. Akautuma kokote ulikoweza kwenda. Ulikwenda kwa mtu mmoja aliyewahi kukamatwa na mkono wake, na mtu huyo akauimba kwa watu wote isipokuwa aliyeitwa.

“Mercyline!” Leah aliita kutoka jikoni. “Nimeshaandika, mia kwa mia, jina lako peke yako. Mimi nimekubali. Njoo nawe ukubali, maji yako karibu.”

Hakuna aliyeona. Hilo nalo alilielewa. Angeweza kuinuka, kuuaga ule mkono, kubonyeza, na kurudi Al Nahda na wimbo wake. Bi Nunu hangeweza kumwambia mtu. Ndivyo alivyotaka Tonny, ndivyo alivyotaka Leah mwenyewe, na yeye alitaka kuliko wote. Alitaka hadi machozi yakamlenga.

Midomo ikaanza tena. Haukuwa ubeti wa kwanza, wala wa pili, wala kiitikio. Maneno yalikuwa mengine, marefu, ambayo hakuna mtu aliyeyaimba, Doha wala Riyadh wala stoo ya kanisa.

“Ngoja, Leah,” Mercyline alisema. “Acha maji. Njoo huku.”

Akainama, akaweka sikio karibu na kinywa cha Bi Nunu. Palikuwa na pumzi tu, vuguvugu, fupi, fupi, ndefu. Akajaribu neno moja kwa kunong’ona, akikisia. Mkono uliomshika ukalegea. Akajaribu jingine. Mkono ukalegea zaidi, karibu umwachie. Akafumba macho, akasikiliza tena, akasema la tatu, na vidole vikamkaza hadi mfupani.

Leah alikuwa amefika mlangoni, simu mkononi. Alisimama pale akiwatazama. Kioo cha simu kilififia, kikazima, na Mercyline akatafuta neno linalofuata.